Miaka miwili na baiskeli ya mizigo niliyokopa kwenye kikoba

Baiskeli ninayoizungumzia nimeipanda miaka miwili sasa, karibu kila siku. Ni ya mizigo: fremu ya chuma kizito, gia moja, matairi manene, keria pana nyuma, na breki unayoifunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Haina bomba la juu katikati, kwa hiyo napanda na kitenge changu bila taabu. Baiskeli za namna hii zinatengenezwa na kampuni zaidi ya moja na mimi sina ninachouza, kwa hiyo napima aina yake, pamoja na mpango wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, ulioniwezesha kuipata. Nimeviunganisha makusudi, kwa sababu nimeshuhudia watu waliopata baiskeli bila mpango wakakwama.

Naishi wilaya ya Shinyanga, kilomita 14 kutoka mjini. Nalima nyanya na mboga kwenye bustani iliyo karibu na bwawa. Huku kwetu baiskeli si kitu kigeni, hata wanawake tunaendesha tangu utotoni, na teksi za baiskeli mjini tunaziita daladala. Lakini kuijua baiskeli ni jambo moja, kuwa na yako ni jambo jingine. Nyumbani kwetu ilikuwapo Phoenix moja, ya mume wangu, na ikitoka alfajiri kwenda mnadani inarudi jioni. Mimi na nyanya zangu tulikuwa tunamsubiri mtu wa bodaboda, au dalali.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Dalali akija bustanini msimu ule alinunua ndoo moja ya nyanya kwa Sh 6,000. Sokoni mjini ndoo ileile niliiuza Sh 11,000. Nikipeleka ndoo tatu, tofauti ni Sh 15,000. Bodaboda kwenda na mzigo na kurudi ilikuwa Sh 8,000, kwa hiyo kwa kazi ya siku nzima nilibaki na Sh 7,000 juu ya kile ambacho dalali angenipa nikiwa nimekaa kivulini. Siku nyingi nilichoka, nikamuuzia dalali. Naye alijua nimechoka. Akichelewa kidogo tu nyanya zinaanza kulainika, na bei anaipanga yeye.

Kikoba chetu kina wanachama 24. Badala ya kugawana akiba yote mwisho wa mwaka, tulikubaliana sehemu yake inunue baiskeli sita, zikopeshwe kwanza kwa wenye bidhaa ya kupeleka sokoni. Bei pamoja na riba ilikuwa Sh 320,000. Nilianza na Sh 40,000, zilizobaki nikalipa Sh 7,000 kila wiki kwa wiki 40. Naenda sokoni mara tatu kwa wiki, na kila safari nimeokoa ile Sh 8,000 ya bodaboda. Safari ya kwanza ya wiki ililipa deni na chenji ikabaki. Sijawahi kuona mkopo unaojilipa waziwazi namna hiyo, na nimekopa mara nyingi.

Isipokuwa miezi ya mvua. Kati ya Novemba na Aprili nyanya zangu zinaliwa na ugonjwa wa bakajani na bustani inalala, ilhali rejesho linataka kulipwa kila wiki. Hapo niliokolewa na keria. Nilibeba mpunga wa majirani kwenda mashineni, gunia moja kwa safari, Sh 1,500. Baiskeli hizi zimetengenezwa kubeba hadi kilo 100 nyuma, na gunia la mpunga lisilojazwa lumbesa haliifanyi hata iyumbe. Kinachoyumba ni mwili wako, mpaka uzoee. Funga mzigo chini na uusogeze mbele iwezekanavyo, karibu na kiti, la sivyo gurudumu la mbele linanyanyuka ukianza kupanda mwinuko.

Kwa nyanya nimejifunza mengine. Mtikisiko wa barabara ya vumbi unaziponda kuliko uzito. Siku hizi sizipeleki kwenye ndoo, nazipanga kwenye kreti mbili zenye nyasi kavu chini na kati ya tabaka, na upepo wa tairi la nyuma naupunguza kidogo. Nikifika mjini najaza tena. Zinazopondeka sasa ni chache, naziuza za kupikia siku hiyohiyo.

Matatizo yapo, na la kwanza ni miiba. Wazee wanakumbuka mkoa huu ulipokuwa mtupu hadi watu wakauita jangwa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ukawahimiza watu warudie ngitili zao, zile sehemu za malisho tunazozifunga zipumzike, na migunga ikaota tena. Namshukuru Mungu kwa hilo, mbuzi wangu wanaishi kwa ngitili. Ila mwiba wa mgunga unapenya tairi lolote, na mbigili za njiani zinamalizia. Mwezi wa kwanza nilipata pancha tisa. Dawa yake ni kukata kingo za tairi kuukuu, kulivisha ndani ya tairi zima, halafu ndiyo uweke tyubu. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini tangu hapo nakaa wiki tatu hadi nne bila pancha.

La pili ni udongo mweusi wa mbugani. Ikinyesha, udongo ule unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Niliyatoa madigadi yote mawili, na bado mvua kubwa ikipiga siendi popote siku mbili. Tena baiskeli yenyewe, hata bila mzigo, ina kilo zaidi ya 20. Kuisukuma kwenye mchanga ukiwa umechoka ni adhabu, na dada mfupi atahitaji kiti kishushwe hadi mwisho ndipo miguu ifike chini. Upepo wa Julai na Agosti ukikupiga usoni, na gia ni moja, unashuka unatembea. Barabara ya lami naiogopa kuliko yote hayo. Malori hayakupishi. Natoka saa kumi na moja alfajiri, nimefunga tochi mbele na kitambaa chenye kung'aa nyuma ya kreti, na lori likija nashuka kabisa hadi kwenye majani.

Sasa nije kwenye vipuri, maana hapa ndipo naona watu wengi wanakosea. Miaka kadhaa nyuma kata yetu ilipokea baiskeli zilizotumika kutoka nje, msaada wa watu wenye nia njema. Zilikuwa nzuri, nyepesi, zina gia nyingi. Ndani ya mwaka mmoja nyingi zilikuwa zimetundikwa stoo, kwa sababu tairi zake ni za vipimo visivyouzwa hapa, na mnyororo ukikatika hakuna wa kufanana nao. Mwenye nayo alikuwa hana tofauti na asiyenayo, ila huyu alikuwa na chuma nyumbani. Na mimi mwenyewe, kabla ya kikoba, niliwahi kununua baiskeli ya gia ya bei rahisi dukani. Fremu ilikatika kwenye maungio mwezi wa nne tangu niinunue, nikiwa na dumu tatu za maji.

Kikoba chetu kilifanya jambo ambalo mwanzoni nililipinga. Badala ya kununua baiskeli ya saba, fedha zilienda kwenye sanduku la vipuri: tyubu, spoki, gololi, mnyororo, frewili za zile Phoenix za wanachama wengine, solusheni, grisi. Zilizobaki zikamlipia binti mmoja wa kijijini mafunzo ya miezi mitatu kwa fundi mjini. Nilisema kwenye kikao kwamba tunapoteza hela. Nilikosea. Spoki zangu mbili zikikatika jioni, asubuhi naondoka na mzigo. Bila yule binti ningeikokota kilomita 14 kwenda mjini kutafuta fundi, siku ya soko imepita, nyanya zimeoza. Vipuri tunauziwa kwa bei ya mjini pamoja na nyongeza ndogo inayonunua vingine, sanduku halijawahi kuwa tupu.

Baadaye nilisoma kuhusu World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami iliyoikumba Sri Lanka na nchi jirani, halafu likahamishia nguvu Afrika. Nalo linafundisha mafundi na kuuza vipuri pamoja na kutoa baiskeli. Utafiti uliofanywa kwa wasichana wa shule waliopewa baiskeli Mkoa wa Kusini nchini Zambia ulionyesha muda wao wa njiani ukipungua kwa asilimia 35 na utoro ukishuka kwa zaidi ya robo. Niliposoma hayo nilimfikiria binti yangu anayetembea kilomita sita kwenda sekondari. Siku ambazo siendi sokoni anaipanda yeye, na siku hizo anafika kabla ya kengele. Siku zangu za soko anatembea. Hilo linaniuma, na nitalirudia.

Kuna jambo la nyumbani ambalo wengi hawaliandiki. Wiki za mwanzo baiskeli ilikuwa yangu kwa jina tu. Phoenix ya mume wangu iliharibika, akaanza kuchukua hii. Shemeji akaja kuomba ya kwenda msibani, na kwenye msiba huwezi kukataa. Jirani naye. Wiki ya tatu sikwenda sokoni hata mara moja, nikashindwa rejesho. Katibu wa kikoba, mama mtu mzima tunayemheshimu wote, alikuja nyumbani jioni, akakaa, akanywa maji, akatoa karatasi ya mkopo na kumsomea mume wangu taratibu. Jina lililoandikwa pale ni langu, na kifungu kinasema Jumanne, Alhamisi na Jumamosi baiskeli haiazimwi. Akasema, "Baba, hizi siku tatu ndizo zinazolipa. Zilizobaki mpangane wenyewe." Hakuna aliyegombana. Mume wangu aliitengeneza Phoenix yake wiki ileile, na siku hizi yeye ndiye anayenifungia kreti alfajiri. Kikundi chochote kinachofikiria kukopesha baiskeli nakisihi kiandike jina la mwanamke mwenye kazi yake, na kiandike siku.

Si kila mwenzetu imemfaa. Mwanachama mmoja hana bustani wala biashara, alichukua kwa matumaini kwamba ataanza. Alibeba maji ya kuuza, dumu nne kwa safari, lakini mvua zilipoanza hakuna aliyenunua maji. Baada ya miezi mitano aliirudisha, na kikoba kikamrudishia sehemu ya alicholipa. Baiskeli inakuongezea kipato kama tayari una kitu kinachokwama njiani, iwe ni mazao, maziwa, au kazi iliyo mbali na unakoishi. Kama huna, tafuta kwanza kitu hicho.

Kwa kikundi kilichosajiliwa, ulizeni pia halmashauri yenu kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Sisi tulianza na akiba yetu kwa sababu hatukutaka kusubiri, lakini barua ya kuomba baiskeli kumi zaidi tumeshaiandika.

Deni langu liliisha mwaka jana. Tangu hapo nimebadilisha tairi la nyuma mara moja, tyubu mara nne na spoki sijui ngapi. Fremu haina ufa. Kilichonunuliwa na hela ya bodaboda niliyoacha kulipa ni pampu ndogo ya kumwagilia, kwa hiyo bustani imeongezeka matuta na kreti mbili hazitoshi tena. Mavuno ya Septemba yakiingia naomba ya pili. Hiyo itakwenda sekondari siku zote tano, na kwenye karatasi ya mkopo nitaomba liandikwe jina la binti yangu.