Kikundi cha mazoezi na lishe cha kliniki ya afya ya akili: uzoefu wangu

Anayetumia olanzapini, dawa ya maradhi ya akili, anaijua njaa yake. Umekula wali jioni ukashiba kabisa, saa sita usiku uko jikoni unafunua sufuria ya kiporo. Dawa imenituliza, sauti zimenyamaza, ila suruali zote zimenikataa. Daktari akaniandikisha kwenye kikundi cha mazoezi na lishe cha kliniki yetu hapa Dar.

Tunaanza alfajiri, na si kwa kukimbia joto tu: wenzetu wanaotumia kloropromazini, dawa nyingine ya akili, ngozi zao huungua upesi juani. Nesi anapima presha, anakuzungushia futi ya fundi kiunoni, anaandika. Kisha tunatembea, mwendo wa mtu anayewahi daladala. Kuongea unaweza, kuimba huwezi. Tunalenga dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima. Ambaye dawa ya usiku bado imemlemea anakuja nyuma taratibu, na hakuna anayemwita mvivu. Jimu ya mtaani niliyopitia kabla, mwalimu alikuwa ananifokea kama kuruta.

Kilichonikosha ni kwamba dawa zetu wanazijua. Mwenzetu anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, alikuwa ameshaamua kuacha chumvi kabisa. Wakamzuia: ukikata chumvi ghafla, au ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa hupanda kwenye damu hadi kudhuru. Huko jimu nani angemwambia?

Upande wa chakula, mh. Karatasi waliyotugawia imejaa brokoli na samaki wa salmon. Kwa Mbagala ipi? Afadhali mtaalamu wa lishe aliiweka pembeni akapakua sahani mbele yetu: nusu matembele na kachumbari, robo ugali, robo dagaa. Soda basi. Sukari ya chai ipungue kidogo kidogo. Kwa njaa ya usiku, tango au yai la kuchemsha liwe tayari, na kiporo kisilale jikoni.

Uzito haujashuka sana, lakini umeacha kupanda, na usingizi umekuwa mzuri. Wapo walioacha dawa kisa kitambi wakarudi wodini. Mwambie daktari kwanza, zipo dawa nyingine, na metfomini, dawa ya kisukari, husaidia baadhi ya watu kudhibiti uzito.

Nyota nne. Ya tano wataipata wakiongeza Jumamosi, maana siku za kazi bosi ameanza kuuliza naenda wapi.