Mende wakubwa ndani ya nyumba: ununue nini kwanza?

Ukiwasha taa ya bafuni usiku ukamkuta mende wa sentimita 4 ukutani, usimkimbilie na kandambili papo hapo. Tazama kwanza anakimbilia wapi. Akizama kwenye tundu la maji machafu, umeshajua anakotoka.

Mkubwa mwenye rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, na ukingo wa manjano kwenye ngao iliyofunika kichwa, kisayansi huitwa Periplaneta americana. Jina linamsingizia Marekani, lakini asili yake ni Afrika. Hupenda joto na unyevu: mitaro, mashimo ya maji taka, chemba. Ndani kwako mara nyingi anapita tu kutafuta maji na chakula. Mdogo wa sentimita moja na nusu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni Blattella germanica, na huyo huzaliana humo humo kabatini na nyuma ya friji. Wengi hudhani ni mtoto wa yule mkubwa. Mwangalie mabawa: mtoto wa mende hana, kwa hiyo mdogo mwenye mabawa amekwisha kukomaa.

Kwa mende wakubwa, namba moja kwangu si sumu. Ni kichujio chenye matundu madogo cha kufunika tundu la maji, pamoja na silikoni ya kuziba nyufa mabomba yanapoingia ukutani. Unaweza kuua kila usiku, lakini njia ikibaki wazi wenzake wataifuata. Bafu lisilotumika limwagie maji mara kwa mara, kwa sababu maji yanayokaa kwenye mkunjo wa bomba ndiyo huziba njia; yakikauka, mlango umefunguka.

Namba mbili ni chambo cha jeli. Soma kibandiko utafute sumu ya fipronili (fipronil) au indoksakabi (indoxacarb). Weka matone madogo kama kichwa cha kiberiti, mengi na yaliyotawanyika: chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye kona zenye giza. Anayekula haanguki hapo hapo. Hurudi mafichoni, na wenzake wakila kinyesi au mzoga wake wanaweza kufa pia. Ila usipulize dawa karibu na jeli, maana harufu ya dawa huwafukuza wasiiguse jeli. Kosa hili ndilo huwafanya watu waseme jeli haifanyi kazi.

Tatu, poda ya asidi ya boriki. Ni ya bei nafuu na hudumu muda mrefu ikibaki kavu. Ipake nyembamba kiasi cha kutoonekana vizuri. Ukirundika, mende ataizunguka. Iingize kwenye nyufa ambazo mtoto au paka hawezi kufika.

Mitego ya gundi haimalizi mende, lakini nunua michache: inakuonyesha chumba chenye wengi.

Dawa ya kupuliza ya kopo naiweka nyuma. Inamuua uliyemwona na kuwatawanya wengine. Bomu la moshi, yaani kopo linalojaza chumba kizima dawa, ni baya zaidi: moshi hauingii ndani ya nyufa, na mengi yanaweza kushika moto yakikaribia jiko. Chaki ya kuulia mende usinunue kabisa. Inafanana na chaki ya shule, na mtoto huiweka mdomoni.

Vile vifaa vya umeme vinavyodaiwa kufukuza mende kwa mawimbi ya sauti, okoa pesa yako. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya aina hiyo kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi.

Kifuko cha mayai cha mende mkubwa ni cheusi kama punje ya maharage, kina mayai kama 15, na huanguliwa baada ya mwezi mmoja au miwili. Ukikiona, kiponde. Na jeli iweke upya hadi muda huo upite, hata kama kwa wiki kadhaa hujamwona mende yeyote.