Nokia 5800: kioo kilichosikia hata glavu zangu

Naendesha pikipiki Goma, Birere hadi Sake, na hii Nokia 5800 niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2011, ikiwa imeshatumika. Ilitangazwa Oktoba 2008, mwaka mmoja na zaidi baada ya iPhone ya kwanza kuingia madukani Juni 2007. Wenzangu kituoni walikuwa wameziona iPhone kwa watu wa mashirika, wakaniambia changu ni kioo cha kizamani kwa kuwa lazima ukibonyeze.

Ni kweli, lazima ukibonyeze. Ndani yake mna matabaka mawili yenye upenyo mwembamba katikati. Ukibonyeza yanagusana, simu inajua ni wapi. Haijali umetumia nini: ukucha, mfuniko wa biki, au kile kijiti chake kinachochomekwa nyuma. Kioo cha iPhone kinahisi umeme mdogo wa kidole kitupu, ndiyo sababu kinateleza bila nguvu na kukuza picha kwa vidole viwili. Hilo 5800 haiwezi, na nililitamani kweli.

Lakini saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya huku na mvua, abiria anapiga na mimi nimevaa glavu nene. Nabonyeza, napokea, naondoka. Miaka minne simu hii haikunivulisha glavu hata siku moja, na vumbi la mawe ya volkano halikuizuia.

Na betri! BL-5J inatoka kwa ukucha. Nilikuwa na mbili, moja mfukoni, kwa hiyo umeme ukikatika siku nzima bado nilipatikana. Nikikumbuka kwamba IBM Simon, simu ya kioo cha kugusa iliyouzwa Marekani mwaka 1994, ilikuwa na uzito wa nusu kilo na ilidumu kama saa moja tu ya maongezi, naona jinsi watu walivyohangaika hadi kazi ikafika kwenye kiganja changu.

Ugumu uko kwenye orodha za menyu ya 5800: mara nyingi unagusa mara mbili, kwanza kuchagua, halafu kufungua. Nilizoea baada ya wiki moja.

Sasa nina simu mpya ya kidole kitupu. Juzi mvua ilinikuta Katindo. Nikavua glavu kwa meno, matone yakawa yanabonyeza kioo kabla yangu, abiria akachukua pikipiki nyingine. Ile 5800 iko kabatini, inawaka. Nikipata BL-5J nzima, laini ya kazi inarudi humo.