Sirapu ya aleji ya mwanangu, na ile "1x3" ya duka la dawa

Nilikusudia kuandika kuhusu dawa tu. Ni setirizini ya maji, ile ya aleji ya watoto, na kwa haki yake ni dawa nzuri. Lakini kila nikianza kuisifu nalikumbuka lile boksi na maandishi yake ya kalamu ya bluu, 1x3, yaani kijiko kimoja mara tatu kwa siku, na hasira inanipanda upya. Mnisamehe, nitaanza na duka, dawa itafuata.

Mwanangu ana miaka mitatu na ushei. Aleji yake si ngeni nyumbani. Tunakaa Tabata, Dar es Salaam, upande ambao barabara ya mtaa bado ni ya udongo, na kiangazi kikikaza vumbi linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Hapo ndipo anapoanza: chafya mfululizo asubuhi, pua inachuruzika maji, anajifikicha macho mpaka yanakuwa mekundu. Safari hii yakaongezeka mabaka, yale yanayoinuka juu ya ngozi kama kapakwa upupu. Yanahama. Sasa hivi yako mgongoni, baadaye kidogo unayakuta mapajani. Usiku mtoto anajikuna na kulia. Baba yake akatoka kwenda duka la dawa lililo karibu na kituo cha daladala, kwa sababu mida ile ndilo linalokuwa wazi.

Alirudi na chupa mbili. Moja setirizini. Ya pili dawa ya mafua na kikohozi ambayo hakuiomba, muuzaji alimwambia "hizi zinakwenda pamoja." Juu ya kila boksi: 1x3. Hakuulizwa mtoto ana umri gani wala uzito gani, wala kama kuna dawa nyingine anayotumia. Alipewa mfuko, akalipa, akaondoka.

Siku iliyofuata mimi nilitoka alfajiri kuwahi gari, na baba yake vilevile. Dada anayebaki na mtoto alifuata maandishi kama ambavyo mtu yeyote angefuata: kijiko kimoja cha kila chupa asubuhi, kimoja cha kila chupa mchana. Jioni narudi, mtoto kalala. Si ule usingizi wake tunaoujua. Unamwita, anafungua macho, anakutazama kama hakujui, anafumba tena. Midomo imekauka. Tangu uji wa asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Tukambeba kukimbilia zahanati. Daktari akamsikiliza kifua, akahesabu pumzi zake, akauliza kapewa nini. Nikamwonyesha maboksi. Akayageuza, akasema, "Nani kawaandikieni hivi?" Tulikaa pale chini ya uangalizi wao mpaka alipoamka sawasawa na kuomba maji. Alikuwa salama, Alhamdulillahi. Usiku ule siwezi kuueleza zaidi ya hapo.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo inayonikera. Setirizini ya maji iliyozoeleka ina miligramu 5 katika kila mililita 5. Kijiko kimoja mara tatu ni miligramu 15 kwa siku. Karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema mtoto wa miaka 2 mpaka 6 apewe miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, yaani jumla 5. Hata mtu mzima kipimo chake cha kawaida ni 10 kwa siku. Mtoto wa miaka mitatu aliandikiwa nyingi kuliko baba yake! Na hiyo ni chupa ya kwanza. Ya pili, ile ya mafua, ukisoma maandishi madogo ubavuni ina klorofeniramini, ambayo wengi tunaiita piritoni. Nayo ni dawa ya aleji. Kwa hiyo mtoto alipewa dawa mbili za kazi moja kwa pamoja, na hii ya pili ndiyo inayoleta usingizi zaidi na kukausha mdomo. Tena sijagusa suala la vijiko. Kila nyumba ina kijiko chake cha chai; kingine kinabeba mililita 3, kingine karibu 7. Ukimwandikia mtu "kijiko" bila kumpa kipimo hujamwandikia kitu.

Nilirudi dukani. Sikwenda kugombana. Nilisubiri foleni ipungue, nikamsalimia, "Habari za kazi, kaka," nikaweka boksi mezani.

"Hapa uliandika mtoto apewe mara tatu. Ni mtoto wa umri gani?"

Hakuliangalia. "Ya watoto hiyo, mama."

"Wa miaka mingapi?"

"Imeandikwa ya watoto. Wewe mpe."

Nikakunjua karatasi nikamsomea ule mstari wa miaka 2 mpaka 6, polepole, nikiufuata kwa kidole. Akasema, "Sasa kama unajua kusoma umekuja kuuliza nini?" Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nikamweleza kwamba mtoto alilala kutwa nzima, kwamba tulimpeleka zahanati. Ndipo akatoa neno ambalo mpaka leo sijaweza kulimeza:

"Mtoto mgonjwa akilala si ndio anapona?"

Nikamwonyesha chupa ya pili, nikamwambia humu mna dawa nyingine ya aleji, umempa mbili kwa mpigo. "Mama, wateja wananisubiri. Wamama wa siku hizi mmekuwa madaktari wa Google. Hiyo dawa haijawahi kuua mtu. Kama hutaki, nenda hospitali." Akageuka kumhudumia aliyekuwa nyuma yangu. Mkononi kashika kalamu ileile.

Akilala ndio anapona! Nataka kulijibu hilo vizuri kwa sababu si yeye peke yake anayeliamini. Usingizi unaoletwa na dawa hizi hauponyi aleji. Mwili wa mtoto mwenye aleji ukikutana na kile kinachomsumbua, iwe vumbi, mende, yai au kamba wa baharini, unamwaga kemikali inayoitwa histamini. Hiyo ndiyo inayowasha, inayovimbisha, inayofanya pua imwagike. Dawa inaizuia histamini isishike mahali pake. Hiyo ndiyo kazi. Kusinzia kunakuja kwa sababu dawa za zamani, klorofeniramini na promethazini zikiwemo, zinapenya mpaka kwenye ubongo. Hizi za baadaye, setirizini na loratadini, zinapenya kidogo sana, ndiyo maana zinapendekezwa kwa mtoto anayetakiwa kucheza, kula na kwenda chekechea. Setirizini bado huwasinzisha baadhi ya watoto, loratadini kwa kawaida kidogo zaidi. Basi mtoto akilala kutwa hajapona, kazidiwa na dawa.

Na hilo la "haijawahi kuua mtu" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Promethazini, ambayo wazazi wengine huwapa watoto ili watulie kwenye basi la mkoani, haitakiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumkatisha pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeliweka onyo hilo kwenye dawa yenyewe, kwa daraja la juu kabisa la maonyo yake. Kule Gambia, mwaka 2022, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kufeli baada ya kunywa sirapu zilizochafuliwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Shirika la Afya Duniani lilitaja sirapu nne katika tahadhari yake ya Oktoba mwaka ule, na mojawapo ilikuwa promethazini ya maji. Najua pale kosa lilikuwa la sumu iliyoingia kiwandani, si la promethazini. Lakini mtu anayeuza dawa za maji za watoto usiku kucha halafu anasema hazijawahi kuua mtu, huyo hastahili kusimama nyuma ya meza ile. Amevaa koti jeupe. Sisi tunalisalimia koti.

Turudi kwenye dawa, nimeahidi.

Daktari wa zahanati alituambia tuache vyote viwili mpaka usingizi uishe kabisa, kisha, mabaka yakirudi, tumpe setirizini peke yake, nusu ya mililita 5, asubuhi na jioni. Yalirudi. Tukampa. Haikupita saa nzima mabaka yakaanza kunywea na mtoto akaacha kujikuna; usiku ule tulilala sote. Chafya nazo zikapungua sana. Pua iliyoziba haikufunguka kiasi hicho, na nimeelezwa ndivyo dawa hizi zilivyo: kwa kuwasha, chafya na maji ya pua zinasaidia, kwa pua iliyoziba msaada wake ni mdogo. Lakini alikuwa mwenyewe, anakimbia, anataka chapati. Kama ningepima dawa kwa siku hizo peke yake, ningeipa alama zote.

Kuna jambo moja sitaki mtu alikose kwa sababu ya sifa hizi. Mtoto akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa mlio, akitapika na kulegea ghafla baada ya kula kitu au kuumwa na nyuki, sirapu hii siyo ya kukaa nayo nyumbani kusubiri. Hapo inayookoa ni sindano ya adrenalini, nayo iko hospitali. Mbebe uende.

Chupa ilipoisha sikurudi pale. Nilinunua nyingine kwenye famasi moja mjini, karibu na kazini kwangu, na huko nilikutana na mama mmoja mfamasia ambaye namwombea kheri mpaka leo. Kabla sijamaliza kusema "setirizini ya mtoto" aliniuliza, "Ana miaka mingapi, mwanangu? Ana kilo ngapi?" Nikasema kilo kumi na nne. Akauliza kama figo zake zina tatizo lolote, kama anatumia dawa ya kifua. Akatoa bomba dogo lisilo na sindano, akachora mstari kwa kalamu kwenye mililita 2.5, akasema, "Usipite hapa. Na dada wa nyumbani mwonyeshe huu mstari, usimwambie kwa mdomo." Akanionyesha tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya usajili wa dawa bila kuombwa. Akaniambia pia kwamba nikiona bado inamlaza nirudi kwa daktari tujaribu loratadini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Mazungumzo yote hayakumaliza hata dakika tano. Kalamu ni ileile ya bluu, na mfamasia huyu kaitumia kumlinda mtoto ambaye hajawahi kumwona. Machozi yalinilengalenga nikiwa nimesimama pale kaunta.

Ndiyo maana siwezi kusema tu "nunueni, ni nzuri." Nilipoanza kuandika nilitaka kuipa dawa sifa na kulilaumu duka, niache hapo. Lakini kadiri ninavyoandika naona siwezi kuvitenganisha. Mtaani kwetu watu hawaendi famasi ya mjini, wanakwenda kwa yule kijana, kwa sababu yuko jirani, yuko wazi usiku, na anauza chupa kwa elfu nne. Dawa inayofika mkononi mwa mama wa Tabata ni ile yenye 1x3 juu yake. Hiyo siipi sifa. Kama huna bomba la kupimia na hujasoma ile karatasi ya ndani, au hujamwona mtu aliyekuuliza uzito wa mtoto, usiifungue. Na ukipewa chupa ya mafua "inayokwenda pamoja," geuza boksi utafute klorofeniramini kabla hujalipa.

Kuna walioniambia nimwonee huruma yule muuzaji, ni kijana, pengine kawekwa tu na mwenye duka na mshahara wenyewe mdogo. Nilijaribu. Kwa muda nilikubali kwamba wa kulaumiwa ni mwenye duka. Halafu nakumbuka kwamba nilimpa nafasi. Nilimwekea karatasi mbele ya macho, na kuitazama tu hakutaka. Angesema "nipe nione, mama," ningemsamehe palepale na leo nisingekuwa naandika haya.

Boksi zote mbili ninazo, zimo kwenye bahasha pamoja na karatasi ya zahanati, na nazipeleka Baraza la Famasi. Mwenye duka, kama unasoma hapa, mwandiko wa kijana wako utautambua.