Fundi wa Kawaida Ni Mimi: Uzoefu Wangu na Wakala wa Hataza

Barua ya ukaguzi wa maombi yangu ya hataza, ile haki ya kulinda ubunifu wako usiigwe, ilinifikia kwa WhatsApp. Ukurasa mmoja, umepigwa picha kwa pembeni, kivuli cha kidole kimefunika tarehe. Chini yake wakala kaandika, "Imekataliwa fundi. Pole sana." Nikangoja nione kama ataongeza neno. Akaonekana yupo mtandaoni, akatoka. Hela niliyompa ingetosha mbao za mtumbwi na chenji ya misumari ikabaki, na nilichorudishiwa ni pole.

Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu ambao kila siku wanaambiwa "peleka ubunifu wako ukalindwe". Pelekeni. Au msipeleke. Labda nikimaliza kuandika nitakuwa nimejua.

Mimi ni fundi maboti, Ujiji, Kigoma. Ninachokijua ni kalafati. Boti la mbao ukishalipigilia linabaki na mianya kati ya ubao na ubao, na mianya hiyo unaijaza pamba uliyoisokota na kuiloweka kwenye mawese, unaisindilia kwa patasi butu na nyundo, ko, ko, ko, kutwa nzima umejikunja chini ya tumbo la boti. Kucha ya gumba langu la kushoto imeshang'oka hadi nimeacha kuhesabu.

Mwaka juzi hivi, mvua ndiyo zinaanza, nikachukua drili ya kutobolea zege, ile inayoweza kupiga tu bila kuzunguka, nikaivisha patasi niliyoifua kutoka kwenye springi ya gari. Hapo bado si kitu. Boti la kwanza nililojaribia lilipasuka ubao, nikalipa ubao. Kilichonila miezi ni gurudumu. Niliweka kigurudumu chembamba mbele ya patasi, kinatangulia ndani ya mwanya, kinailaza pamba kabla patasi haijaifikia, na kinaizuia mashine isikimbilie pembeni. Kati ya gurudumu na patasi ni vidole vitatu. Viwili, pamba inajikunja. Vinne, inachomoka nyuma yako na wewe hujui. Hayo sikuyasoma popote, niliyapata kwa kuharibu. Halafu juu ya patasi nikabana kola ya chuma ili isizame kupita kiasi. Tumbo la boti nililokuwa nikilimaliza kwa siku tatu sasa ni siku moja na nusu, na gumba langu lipo, njoo ulitazame.

Basi nikapanda treni. Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilometa 1,200 za reli, na mashine niliipakata, sikuiweka hata juu kwenye mizigo. Ofisi ya wakala iko ghorofani, kiyoyozi kinapiga mpaka meno yanagongana. Sitaitaja. Hata ofisi ya hataza maombi yalikopelekwa sitaitaja, sitaki mkaguzi wa watu atafutwe. Nikaweka mashine mezani. Wakala akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Kigoma. Akamgeukia kijana wake wa mapokezi: "Kigoma! Huko mna umeme wa kuendeshea hii?" Wakacheka wote wawili. Ni kweli mkoa wetu miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa jenereta za dizeli, hilo sikatai. Lakini ndiyo salamu ya kumpa mtu ambaye miguu yake bado imevimba kwa treni? Na mimi nikacheka nao. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Akaanza kuchora, nami naeleza. Gurudumu akaliandika. Tulipofika kwenye kola alikuwa anakula chipsi, mkono mmoja uma, mkono mwingine kalamu ya bluu. Akapitisha mstari juu ya kola yangu. "Hii haina haja, inarefusha maandishi bure." Nikamwambia, bosi, bila hiyo ubao unapasuka. Akasema, "Fundi, sheria niachie mimi, wewe baki na mbao zako." Doa la mafuta ya chipsi likabaki palepale kwenye mchoro. Ninaliona hadi leo nikifumba macho. Nikauliza ulinzi wenyewe unafika wapi, akasema dunia nzima. Nikalipa.

Ikapita miezi. Mwaka, na zaidi kidogo. Ndipo ikaja ile picha ya pembeni. Kiingereza changu ni cha kuombea vipuri, lakini sentensi moja nilimpelekea shemeji yangu anayefundisha fizikia sekondari, akanitafsiria: kifaa hiki kingekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani.

Dhahiri! Kwa fundi wa kawaida! Sasa huyo fundi wa kawaida ni nani, ndugu mkaguzi, kama si mimi? Nimepiga kalafati tangu sijaota ndevu. Kama ni dhahiri, mbona mafundi wote kutoka Ujiji mpaka Kibirizi wana makucha meusi? Siku ile sikufanya kazi. Nilimtukana mkaguzi nisiyemjua jina, nikasema huyo hajawahi kuliona boti ila kwenye kalenda. Kama ningeandika maoni haya siku ile, yangekuwa matusi matupu na yangeishia hapa.

Shemeji ndiye aliyeniponza kwa busara zake. Akaniuliza, "Kaka, barua ya ofisi yenye ukurasa mmoja ulishaiona wapi?" Tukamsumbua wakala wiki nzima. Siku anatuma, kumbe ni kurasa tano.

Kuna jedwali. Mbele ya madai kuna herufi. Hayo "madai" ndiyo moyo wa hataza nzima, ndiyo sentensi zinazosema mpaka wa shamba lako ni huu hapa; michoro na maelezo mengine yote yanakuja kuyaunga mkono. Dai la 1 mpaka la 6 kuna X. Dai la 7 kuna A. Sisi X tunaijua tangu darasa la kwanza, na A tunaijua vilevile, shemeji akafurahi akasema umepata A. Baadaye akasoma vizuri: X maana yake hati moja iliyotangulia inatosha peke yake kuliangusha dai, na A ni hati ya kujuza tu, inaonyesha hali ya fani ilivyo lakini hailiangushi dai. Kwa hiyo alikosea akapatia.

Tukatazama hati iliyoliangusha dai la 1. Ni hataza ya Marekani, imetolewa mwaka 1917, ya Duncan Black na Alonzo Decker. Ndiyo, wale Black & Decker wa kwenye maboksi ya drili. Hati za hataza ziko wazi mtandaoni kwa yeyote, bure, na hilo wakala hakuwahi kuniambia. Shemeji akaufungua mchoro kwenye simu. Jamani, ni drili. Mshiko umekaa kama wa bastola, swichi inabanwa kwa kidole, mota kwa mbele. Niliikuza picha mpaka ikavunjikavunjika. Babu yangu hajazaliwa, na kifaa kilekile ninachokishika kila siku kimeshalazwa kwenye karatasi.

Nikauliza, sasa drili ya 1917 inahusiana nini na kalafati yangu? Shemeji akasoma dai la 1 kama wakala alivyoliandika: kifaa cha mkononi kinachoendeshwa kwa nguvu, chenye kasha, mota, mshiko, swichi na kichwa cha kufanyia kazi. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Hiyo ni kila drili duniani. Hiyo ni grenda, ni randa ya umeme, hata ile mashine ya kinyozi ukitaka kubishana. Yule bwana alinipeleka mbele ya mkaguzi nikadai kwamba drili nimeibuni mimi, fundi wa Ujiji, juzi! Ningekuwa mimi mkaguzi ningeitupa karatasi na kucheka. Yeye hakucheka. Alitafuta hati, akaweka namba, akaeleza kifungu kwa kifungu.

Hati ya pili ni nyundo ya hewa ya kusindilia maungio ya mabamba ya chuma, kwenye meli na matangi. Hiyo iliniuma kwa namna nyingine. Meli za chuma za kupigwa ribiti maungio yake husindiliwa pia, na Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwetu vipandevipande kwenye makasha na kuunganishwa hapahapa Kigoma, ni ya ribiti. Nimekulia kuitazama. Sikuwahi kufikiri kwamba chuma nacho kina kalafati yake.

Halafu dai la 7. Gurudumu. Wakala alilificha huko mkiani, mstari mmoja na nusu, na mkaguzi akalifuata mpaka huko. Ameandika, kwa maneno ya shemeji, kwamba kigurudumu kinachotangulia ndani ya mwanya kwa umbali maalumu hakionekani popote katika hati alizozipata, na dai hilo likiunganishwa na dai la 1 huenda likakubalika, mwombaji ajibu ndani ya muda uliowekwa. Mwombaji ni mimi! Mtu ambaye hajawahi kuniona kagundua vidole vyangu vitatu, na mtu niliyemlipa anaandika pole. Hiyo si barua ya kukataliwa. Ni barua ya kuitwa mezani.

Kwa hiyo mkaguzi nimemsamehe, na yale niliyoyasema siku ile nayafuta. Nusu.

Sasa kola. Nikasema vizuri, tukijibu tuingize na kola. Shemeji akaulizia kwa mtu anayejua, akarudi uso umemshuka. Madai unaruhusiwa kuyabana, kuyaunganisha, kuyapunguza. Kisichoruhusiwa ni kuongeza jambo ambalo halikuwemo kwenye maombi siku yalipowasilishwa. Kola haimo, kwenye maelezo haimo, kwenye mchoro haimo. Ilikufa kwa kalamu ya bluu na chipsi. Ukitaka uifungulie maombi mapya yenye tarehe mpya, na mimi tangu wakati ule nimepiga kalafati maboti hadharani ufukweni, watoto wamenirekodi kwa simu, kola inaonekana kama jua. Hataza inataka kitu kipya, na upya uko wapi tena?

Na ile "dunia nzima"? Hakuna hataza ya dunia nzima. Kuna mikataba ya kurahisisha kuomba nchi nyingi kwa pamoja, lakini haki yenyewe inatolewa kwa kila nchi, au kwa kundi la nchi lililokubaliana. Ziwa letu, Tanganyika, lina nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Fundi wa Kalemie, ng'ambo kule Kongo, akiiona mashine yangu na akaiunda, sina cha kumfanya kwao, tutasalimiana tu.

Nilikuwa nimepanga nimalizie hapo kwa hasira, na ilikuwa hasira nzuri. Lakini juzi nilikwenda kwa mzee aliyenifundisha kazi. Nilitaka anisaidie kumlaani wakala. Nikamweleza gurudumu, akatikisa kichwa, akasema hilo hajaliona tangu azaliwe. Nikafurahi. Nikamweleza kola. Akainuka taratibu, akaenda kwenye sanduku lake, akatoa patasi butu imeshika kutu, na juu ya ncha yake, urefu wa kucha, kuna kamba imezungushwa na kukazwa kwa lami. "Ili isipite," akasema. Amekuwa nayo tangu mimi sijaja kwake. Nilimhudumia miaka mingapi na sikuwahi kuuliza ile kamba ni ya nini?

Sikumwambia shemeji. Na bado wakala hakuwa na haki ya kuikata, maana yeye kamba ya mzee hakuijua, alikuwa tu anaona uvivu wa kuandika. Kwa hiyo nyota zangu ni hivi: wakala moja, ya kijana wa mapokezi aliyenionyesha choo. Mkaguzi nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya lile neno "kawaida".

Jana wakala kanipigia mwenyewe. Anasema muda wa kujibu haujaisha, ila kujibu ni malipo mengine. Nikamwambia sawa, kabla ya malipo niambie, gurudumu langu liko kwenye dai la ngapi? Akasema, "Subiri fundi, nifungue faili." Nikasikia anapekua karatasi. Akapekua. Salio lilikuwa lake, nikaacha simu sikioni nikaendelea kusokota pamba.