Uzoefu wangu: Kumhamisha mama kutoka Leicester kuja kulelewa Tanga

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi Ulaya aliyeanza kusahau, anayepiga hesabu usiku badala ya kulala. Mimi nilizipiga miezi minane kabla ya kukata tiketi.

Mama ana miaka 81. Ameishi Leicester tangu 1986, akisafisha maofisi mpaka akastaafu. Ugonjwa wa kusahau ulipomshika, kitu cha kwanza kumtoka kilikuwa Kiingereza. Tulimweka wiki mbili kwenye makao ya wazee ili tuone kama atazoea. Kila alfajiri alikuwa anasugua viganja na kusema, "Nitilieni maji." Alitaka kutawadha. Wahudumu wakadhani anawashwa, wakampaka krimu mikononi. Hawakuwa watu wabaya. Mimi mwenyewe kazi yangu kule ni hiyo hiyo ya kuhudumia wazee, na najua wangapi nimewapaka krimu bila kuelewa walichoniomba.

Makao yale yalitutajia pauni 1,150 kwa wiki. Halmashauri haikuchangii ukiwa na mali inayozidi pauni 23,250, na kwa kuwa mama alikuwa akiishi peke yake, nyumba yake nayo ingehesabiwa. Ingeuzwa, akaila yote ndani ya miaka michache.

Tuna nyumba ya marehemu babu hapa Ngamiani, Tanga mjini, kwa hiyo kodi silipi. Nilivunja choo cha kuchuchumaa nikaweka cha kukaa, na kizingiti cha mlango wa uani nikakisawazisha ili kiti cha magurudumu kipite. Madada wawili wanapokezana zamu, kila mmoja shilingi 300,000 kwa mwezi. Nesi mstaafu anakuja asubuhi mara tatu kwa wiki kwa 200,000. Pampasi za watu wazima, dawa na chakula vinakula kama 450,000, halafu umeme na maji. Yote haizidi 1,400,000 kwa mwezi, na kwa Leicester fedha hiyo ni siku mbili na ushei. Pensheni yake ya pauni 148 kwa wiki inatosha na inabaki.

Lakini mwanzo ulikuwa mbaya, na hapa naomba msome kwa makini. Nilipitia wakala mmoja wa mjini aliyejitangaza kuwa ana wahudumu wa wazee waliofundishwa. Alichukua mshahara wa mwezi mmoja kama kamisheni, akaniletea binti wa miaka 19 ambaye kazi aliyowahi kufanya ni ya ndani. Mtoto mwenye adabu kabisa, ila hakuna aliyemwambia kuwa mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe. Nilisafiri siku tano. Niliporudi nikamfunua mama, nikakuta nyonga ya kulia ina wekundu usiofifia ukiubonyeza, na katikati ngozi imeshachunika. Nililia. Kidonda kile kilichukua wiki saba kufunga. Wakala alisema mzee akifikia umri huo ni kawaida. Si kawaida! Ni mgandamizo, na dawa yake ni kumgeuza kila saa mbili.

Binti sikumfukuza. Nilimfundisha mwenyewe, na sasa ndiye hodari kuliko wote. Nesi nilimpata kwa jirani, si kwa wakala.

Godoro la hewa nililitoa Uingereza, na nilidhani limemaliza kazi. Umeme ukikatika linanywea taratibu, na mgonjwa anabaki juu ya chaga. Ikabidi ninunue betri na inveta. Wekeni hilo kwenye bajeti kabla ya pazia na rangi.

Kwa matibabu ya kawaida tunakwenda Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, na nesi ndiye anayetuongoza. Kwa daktari wa ubongo tulishuka hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, na mama alichoka siku nne. Ukihamia huku moja kwa moja, matibabu ya bure ya Uingereza umeyaacha. Kama mzazi wako anahitaji mashine au daktari bingwa kila wiki, Tanga itamtesa.

Karatasi nazo zina mambo. Pensheni ya Uingereza inalipwa hata ukiwa Tanzania, lakini haipandi kila mwaka kama ya waliobaki kule. Inaganda pale ilipokuwa, na bei ya samaki haigandi. Barua ya kuthibitisha kuwa mzee yu hai ikija, ijazwe na ishuhudiwe haraka, maana usipoirudisha malipo yanasimama. Mama alichukua uraia wa Uingereza zamani, na Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo aliingia kama mgeni kwenye mji aliozaliwa. Iliniuma kumshika mkono pale Uhamiaji akipigwa picha ya kibali cha ukaazi. Mgeni pia hawezi kumiliki ardhi kama raia. Bahati mimi sikubadilisha pasipoti, nyumba ipo kwa jina langu.

Je, naipendekeza? Ndiyo, ila kwa mwenye ndugu wa kulala nyumba ile ile. Kumtuma mzazi huku na kumwachia mtu wa mshahara peke yake, hapana, hata umlipe mara mbili.

Jina langu mama halijui tena, ananiita dada. Mwezi wa tatu tangu tufike, jirani aliacha miyaa barazani, naye akaichukua akaanza kusuka ukili. Vidole havikukosea hata mara moja. Sasa kila jioni anasuka, watoto wa barabara wanapita "Shikamoo bibi," anaitikia "Marahaba" bila kuinua macho. Alfajiri akisema nitilieni maji, anatiliwa maji.

Kibali changu cha kuishi Uingereza kitakufa nikikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo, kwa hiyo mwezi ujao naenda kwa wiki tatu. Shangazi atalala chumbani kwa mama. Nimebandika karatasi ukutani juu ya kitanda: saa mbili usiku ubavu wa kulia, saa nne wa kushoto, saa sita chali. Kila atakayemgeuza anatia sahihi, na kila asubuhi wananitumia picha ya karatasi na picha ya nyonga.