Levi's 501: mguu ulionyooka, vifungo badala ya zipu

Jinzi ya 501 inakaa kiunoni, si kwenye nyonga, na mguu unashuka sawa kutoka pajani hadi kwenye pindo. Anayetaka zipu achukue 505. Anayependa ya kubana kidogo, 511. Lebo ya W32 L34 ni inchi za kiuno na za mguu kwa ndani.

Tatizo ni ile 501 ngumu ambayo haijafuliwa kiwandani. Ukiiloweka inarudi, yaani inapungua, hasa urefu, kwa hiyo usimpe fundi akate pindo kabla hujaifua na kuianika. Ya mtumba imesharudi, ila lebo inabaki na namba ileile: pima kwa futi kamba. Mwenye mapaja manene aongeze saizi, kisha fundi apunguze kiuno kwa nyuma, katikati.